Madini Joto kwa Mtu Anayesikia Baridi

Nyinyi mnaoanza kazi ya duka la dawa huku Umoja, Mowlem na Dandora, msidhani kitakachowachosha kwanza ni kuhesabu tembe. Ni miguu. Nilisimama nyuma ya kaunta tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na sasa nimestaafu vifundo vimefura kama mandazi. Kila jioni naviloweka kwenye beseni huku mke wangu akiniuliza kama foleni imeisha. Vaeni viatu vipana. Hilo hamtafundishwa chuoni.

Cha pili ni kuitwa daktari. Mimi sikuwahi kuwa daktari. Nilisomea dawa, nikafaulu, nikapewa leseni, nikaitundika ukutani karibu na kalenda. Lakini mtu akiingia na mtoto anayekohoa haangalii ukutani. Anakuita daktari na kukuwekea mtoto juu ya kaunta. Zamani nilikuwa nasahihisha, "Mimi si daktari, mama," nao wananitazama kwa huruma, kana kwamba nilianguka mtihani. Baadaye niliacha kusahihisha kwa sababu nilichoka. Mtanisikia nikisema nimechoka mara nyingi humu, na mtanisamehe.

Kazi hii nilifundishwa na Bi Rukia, mzaliwa wa Majengo, aliyekuwa na duka dogo karibu na Soko la Burma. Wateja wetu wengi walitoka moja kwa moja kwenye nyama choma, wameshika kifua kwa kiungulia, vidole bado vina mafuta. Wengine walipitia wakielekea mahakamani Makadara, tumbo limewavuruga kabla hata ya kusomewa mashtaka. Mmoja aliuliza kama kuna dawa ya kuzuia jasho la uso, maana alihofia hakimu angedhani anadanganya. Bi Rukia akamwambia, "Iko. Usidanganye." Kisha akamuuzia pakiti ya tishu.

Alikuwa mkali, Bi Rukia, na hakupenda maswali ya haraka haraka. Siku zangu za kwanza alinisikia nikimuuliza mteja, "Unatumia dawa gani nyingine?" Mteja akajibu hakuna. Bi Rukia akanisukuma kando kwa kiwiko. "Mama, nyumbani kuna nini unakunywa, unalamba, au unachanganya kwenye chai?" Hapo yakatoka: mwarobaini wa asubuhi, kitunguu saumu na asali, na unga mweusi ulioletwa na shangazi kutoka ushago, kijijini kwao. Kwa yule mama, vyote hivyo havikuwa dawa. Dawa ni ile yenye pakiti na risiti. Tangu siku hiyo nimeuliza kama Bi Rukia alivyouliza, na nyinyi ulizeni hivyo hivyo.

Maneno yatawasumbua kuliko magonjwa. Mtu akisema ana presha, hujui kama imepanda, imeshuka, au amegombana na mwenye nyumba. Lakini neno lililonisumbua mimi, na ambalo bado nikilisikia nakaa chini, ni moja tu, na lilikuja kwa familia ya Amina. Amina si jina lake. Alikuwa fundi cherehani Mowlem, mshonaji wa yunifomu za shule, na habari yake ndiyo iliyonichosha kuliko zote. Alikuwa na tezi ya shingo iliyolala, na juu ya hiyo akapata mimba aliyoingoja tangu aolewe. Mimba hiyo ndiyo iliyokuwa hatarini.

Nianze na mumewe, Juma, fundi wa magari. Alikuja asubuhi moja dukani kwangu, hapo Mowlem, akangoja wateja wote watoke, akaegemea kaunta.

"Dakitari, nikuulize kitu, lakini kibaki hapa hapa."

"Uliza."

"Bibi yangu ameambiwa kliniki ati ana tezi." Akatazama mlangoni. "Si tezi ni ya wanaume? Ile ya kukojoa?"

Sikucheka, ingawa ilinibidi niiname kutafuta kitu kisichokuwepo chini ya kaunta. Nilimweleza kwamba mwili una tezi nyingi. Ile anayoiwaza ni tezi dume na mkewe hana. Yake iko hapa, chini ya koo, na kazi yake ni kutoa homoni zinazoupa mwili mwendo wake. Ikilala, kila kitu kinapungua kasi. Juma akashusha pumzi ndefu, akasema alikuwa ameshampigia kakaye simu.

Tezi ya Amina ilikuwa imelala sawasawa. Wenzake kwenye kibanda cha cherehani walikuwa wakijipepea na vipande vya kadibodi, yeye amevaa sweta mbili. Nywele zilikuwa zikibaki kwenye kitana, uso umefura, sauti imekuwa nzito, na choo kilikuwa taabu. Yeye alisema ni uchovu wa kazi. Kisha siku moja akashona shati la mtoto mikono yote miwili upande mmoja, akalikunja vizuri na kumpa mwenyewe. Hapo ndipo alipokubali kwenda kliniki.

Daktari wa kliniki, mwanamke kijana mwenye subira, alimpima damu akamwandikia thairoksini. Hiyo ni ile homoni yenyewe, imetengenezwa kiwandani, ya kujaza pengo. Nikampa Amina maelezo ambayo nyinyi mnapaswa kuyatoa hata mkiwa usingizini. Tembe huliwa asubuhi tumbo likiwa tupu, na maji matupu, si chai, si maziwa, si uji. Kisha unangoja saa nzima kabla ya kutia kitu kinywani. Kama unakunywa madini ya kuongeza damu, kalsiamu, au dawa ya kiungulia, yasogeze mbali, masaa manne hivi. Usiache ukijisikia vizuri, kwa sababu hiyo nafuu imeletwa na tembe.

Alifuata. Baada ya miezi kadhaa sweta moja ilitoka, halafu ya pili. Akarudi kucheka na kubishana na wauza vitambaa. Halafu akaja dukani siku moja, akaongea chini chini kuliko mumewe alivyoongea. Alikuwa na mimba. Daktari alimwongezea dozi, kwa sababu mwanzoni mtoto hana tezi yake inayofanya kazi na hutegemea homoni za mama, hasa kwa ubongo wake. Nilifurahi sana. Nilimpa kiti, nikamwambia asikae kwenye cherehani mpaka mgongo upinde.

Wiki zikapita, akarudi na sweta.

Nilimwona kabla hajafungua mdomo. Alitembea kana kwamba barabara ina matope. "Daktari, nasikia baridi mpaka kwa mifupa," akasema. "Na nimeongezewa dawa." Damu ilikuwa imepimwa tena, na tezi ilikuwa mbaya zaidi kuliko mwanzo. Daktari alikuwa ameshangaa. Nikamuuliza swali la Bi Rukia, lote, kunywa, kulamba na kuchanganya. Amina akafikiri.

"Hakuna. Uji tu wa mama."

Mama ni mama mkwe, Bi Saumu, aliyekuja kuishi nao baada ya kufiwa na mumewe kule milimani, upande wa Lushoto, Tanzania. Nikamuuliza kama anangoja saa nzima kabla ya huo uji, akasema anajaribu. Sikuwa na sababu ya kuushuku uji. Nikamwambia ajaribu zaidi.

Bi Saumu mwenyewe aliingia dukani siku chache baadaye, kanga mbili, fimbo, mgongo umenyooka. Mimi ni Mkamba, lakini kwa mama yule nilijifunza kuamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu? Una madini joto?"

Nikageuka kwenye rafu, nikamtolea dawa ya kuchua viungo, ile inayochoma ngozi. Akaisukuma kwa kidole.

"Si ya kuchua. Ya kunywa. Madini joto. Kwetu hata chumvi inayo."

Nikasimama pale na kile kichupa mkononi. Huku kwetu madini hayo tunayaita iodini, vijana wanasema ayodini, na chumvi yetu inayo pia. Lakini nilikuwa nimeona pakiti za chumvi kutoka ng'ambo ya mpaka zimeandikwa hivyo hivyo, yenye madini joto. Nikamuuliza ni ya nani. Nilikuwa nimeshajua, lakini nilitaka nisikie.

"Ya mkamwana wangu," akasema. "Mke wa Juma. Tezi yake imelala, anasikia baridi. Sasa mtu wa baridi anataka nini? Mimi namtilia mwani kwenye uji kila asubuhi, unga wa mwani, nautoa kwa mtu wa Pemba. Mwani umejaa madini joto. Ila umeisha, na safari yake imechelewa, na hali yake naona inazidi. Nikasema basi nitafute yale ya dukani, makali."

"Na tembe za kliniki, mama?"

"Nimemwambia azipunguze. Anywe leo, kesho apumzike. Mambo mawili hayawezi kufanya kazi moja."

Mnisikilize hapa, kwa sababu mtakutana naye Bi Saumu, atakuja na kanga au atakuja na simu. Hakuwa mjinga. Nilimpa kiti akanisimulia. Kule kwao, alipokuwa msichana, watu wengi walikuwa na rovu, uvimbe wa shingo ambao sisi tunauita goita. Dada yake alikuwa nalo, kubwa, na wachumba walikuja wakamwona wakarudi. Kisha wakaja watu wa afya na vidonge vya madini joto, na chumvi nayo ikabadilishwa. Watoto waliozaliwa baadaye hawakupata rovu. Aliyaona kwa macho yake. Yalifanya kazi kwa sababu ardhi ya kwao haikuwa na iodini ya kutosha, na ndiyo iliyokuwa imekosekana.

Nikamwambia, "Mama, tezi ni mpishi, na hayo madini ni unga. Kwenu mpishi alikuwa mzima, unga ukakosekana. Mkamwana wako anao unga wa kutosha kwenye chumvi ya kila siku. Mpishi ndiye mgonjwa. Ukimrundikia magunia ya unga anazidi kushindwa, na anaweza kuacha kupika kabisa."

"Lakini ni madini joto," akasema.

"Jina tu, mama. Hayatii mtu joto."

Akaishika fimbo yake kwa mikono yote miwili. Nje kulikuwa na kelele za kawaida za Mowlem, mtu anauza viazi kwa kipaza sauti. Akasema, "Nimempa kila asubuhi kwa mkono wangu. Nasimama pale mpaka amalize kikombe." Halafu, "Na yeye hakuniambia kitu."

Angemwambia nini? Mnajua wenyewe. Mama mkwe ameamka baada ya sala ya alfajiri, amekoroga uji, amekuletea kitandani kwa sababu una mimba ya mjukuu wake. Hakuna mke wa mtu atakayerudisha kikombe kile. Amina hakuficha kitu aliponijibu, na kama anaruka tembe sikuwa nimemuuliza. Kwake ule ulikuwa uji, na heshima.

Nilimpigia daktari simu Bi Saumu akiwa bado amekaa. Siku hiyo hiyo Amina akaitwa kliniki. Mwani ukapigwa marufuku, tembe zikarudishwa kila siku bila mapumziko, damu ikachukuliwa tena. Daktari alifanya yote yaliyopaswa kufanywa. Kabla matokeo hayajarudi, mimba ikaharibika.

Juma ndiye aliyekuja kuniambia. Hakulia. Aliuliza kama kuna dawa ya mtu asiyelala, nikamuuliza ni ya Amina au ni yake, akasema hajui. Nilihuzunika kwa namna ambayo sikuizoea kazini. Unauza dawa kwa watu wengi wanaofariki, unazoea, lakini hili lilinikaa kifuani. Nilifunga duka mapema nikaenda nyumbani nikakaa kwenye kochi na koti la kazi.

Wiki hiyo hiyo, kana kwamba kuna mtu alipanga kunichosha, akaingia kijana mmoja wa Umoja na simu mkononi.

"Niaje, dokta. Uko na zile tembe za ayodini? Ama zile gami za mwani, za kutafuna?"

"Za nani?"

"Za mathe. Ako na thairoidi, iko chini. Nimecheki kwa simu, msee mmoja anasema hizi madawa za hosi zinafunika tu, ayodini ndio inaponya."

Kuna siku ningempigia kelele. Siku hiyo sikuwa na kelele. Nilimuuliza mama yake anakula tembe gani na anazila saa ngapi. Nikamweleza kwamba tezi nyingi zinazolala hapa mjini hazikulala kwa kukosa iodini. Mara nyingi ulinzi wa mwili wenyewe umeigeukia tezi na kuishambulia, na iodini nyingi inaweza kuichokoza zaidi. Kiasi cha kwenye chumvi ya dukani kinamtosha. Mwani hauna kipimo, kijiko kimoja kinaweza kuwa na iodini kidogo na cha pili kikawa nayo nyingi kupita kiasi. Kama kuna mtu mjamzito au anayenyonyesha, yeye kweli anahitaji iodini kidogo zaidi, lakini kiasi hicho kiko kwenye vitamini anazoandikiwa, na aliye na tezi mgonjwa aulize daktari wake kwanza, asinunue chake pembeni. Na mtu asiache thairoksini.

Kijana akanitazama. "Kwa hivyo huna?"

"Ninazo. Sikuuzii."

Akacheka, akasema mimi ni mzae mgumu. Lakini alirudi baadaye na mama yake, na yule mama akaniuliza maswali mazuri kuliko ya simu. Hizo ndizo siku mtakazofanya kazi nyinyi. Zamani nilishindana na shangazi wa mteja, nyinyi mtashindana na shangazi wa dunia nzima, na wote wanaongea kwa ujasiri.

Amina alikuja alipopata nguvu. Alinunua tembe zake, akabaki amesimama.

"Daktari, mama akikuja kukuuliza, mwambie sio mwani."

"Daktari wa kliniki amesemaje?"

"Amesema hawezi kujua. Inaweza kuwa tezi, inaweza kuwa kitu kingine. Mimba huharibika tu, amesema. Lakini mama hali chakula. Anakaa hapo jikoni na hagusi sufuria. Mwambie sio mwani."

Sikumwahidi. Nilimwambia nitasema lililo kweli kwa upole. Alitikisa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilo na hakulitaka. Siku zilizofuata niliandaa maneno yangu. Kila alipopita mlangoni mwanamke mzee mwenye kanga niliyarudia.

Bi Saumu alikuja wakati ambapo duka halikuwa na mtu. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia, akaitikia, nikamvutia kiti, akakataa. Akaweka viganja vyote viwili juu ya kaunta. Nikaanza, "Mama, hakuna mtu anayeweza kujua..."

"Hilo nimeshaambiwa," akasema. "Amina ameniambia, Juma ameniambia, yule binti wa kliniki ameniambia. Nyote mmefundishana sentensi moja. Sikuja kwa hilo."

"Umekuja kwa lipi, mama?"

"Akishika mimba tena, nimpikie nini?"

Maisha yangu yote ya kazi niliwaambia watu wasile hiki, wasinywe kile, wasichanganye. Sikumbuki mtu kuniuliza apike nini. Nikamwambia ampikie kila anachopenda kumpikia. Uji wa wimbi, samaki, mayai, maharagwe, mboga, maziwa, na chumvi ile ile ya dukani kama watu wengine wote. Mwani asitie, na hayo madini asimnunulie, mpaka kliniki waseme. Ila asubuhi itangulie tembe, na maji matupu, na baada ya hapo Amina angoje saa nzima.

"Saa nzima na njaa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na baridi."

"Akila tembe kila siku, baridi itapungua."

Akatazama mikono yake pale juu ya kaunta, kama mtu anayepanga kazi ya kesho.

"Basi uji nitaubandika akishameza," akasema. "Kwa moto mdogo, usiive upesi."

Nikamwambia hiyo itafaa sana.